Hedhi imekata, mbio zimepungua, na kambi inamwita: nimfanyie nini binti yangu?

"Binti yangu ana miaka 16, yuko sekondari, anakimbia mita 1500. Mwaka jana alipata dakika 4:34 kwenye mashindano ya shule. Mwaka huu hajaenda chini ya 4:41 na anamaliza akiwa hoi. Kocha anasema ameongeza mwili, akamwambia aache chakula cha usiku na apunguze ugali. Sasa ni mwezi wa tano hajaona siku zake. Nilipouliza, kocha alisema hiyo ndiyo dalili kwamba mazoezi yamekolea. Siku hizi pia analalamika muundi wa kushoto unamuuma. Juu ya hayo, kuna bwana mmoja anayetafuta vipaji anataka tumtoe shule aende kambini Iten. Anasema Faith Kipyegon alikuwa ameshang'aa akiwa na umri huo, na binti yetu akichelewa basi. Baba yake amekubali nusu. Mimi sina amani. Nifanye nini?"

Mama, umeniuliza zaidi kuhusu kambi, lakini nitaanza na ule muundi uliouweka katikati kama jambo dogo. Msichana wa miaka 16 anayekimbia kila siku, aliyenyimwa chakula cha usiku, asiyeona siku zake miezi mitano, kisha aseme mfupa wa mguu unamuuma: huyo asikimbie tena mpaka daktari amwone. Aonwe wiki hii, usingoje shule zifungwe. Aende darasani, atembee, akusaidie kazi za nyumbani, lakini viatu vya spaiki vikae kwenye mkoba. Kukosa mazoezi wiki mbili tatu hakumharibii mkimbiaji. Kukimbilia mfupa wenye ufa kunaweza kumharibia mwaka mzima.

Sasa tuzungumze kuhusu hedhi. Maneno aliyokwambia kocha yamezunguka viwanjani miaka mingi, na wengi wanayarudia kwa nia njema kwa sababu nao waliambiwa hivyo. Si kweli. Mazoezi makali peke yake hayakati hedhi ya msichana anayekula vya kutosha. Inayokatwa kwa mkimbiaji, mara nyingi, ni hedhi ya msichana ambaye chakula chake hakilingani na kazi anayoifanya.

Mwili una matumizi usiyoweza kuyaahirisha: moyo lazima upige, ubongo ufanye kazi, joto lisishuke. Mazoezi nayo huchukua fungu lao papo hapo, kwa sababu misuli inayokimbia haikopeshi. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa kwa kukua, kujenga mifupa, kutengeneza damu, kupigana na magonjwa na kuandaa uzazi. Ni kama nyumba ambayo mshahara umepungua: kodi italipwa na unga utanunuliwa, lakini paa linalovuja litangoja. Ubongo ukiona kinachobaki ni kidogo mno, hupunguza ishara za homoni unazozituma kwenye ovari, yaani vifuko vya mayai. Ovari zisipopata ishara hizo hazikomazi yai, hazitoi estrojeni (homoni ya kike) ya kutosha, na hedhi inakoma. Zingatia pia kwamba haya yote yanaweza kutokea bila mtoto kukonda. Mwili unaobana matumizi unaweza kukaa kilo zilezile kwa miezi, kwa hiyo mizani isiwadanganye wewe na kocha. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko la kitaalamu kuhusu hali hii mwaka 2014, na tangu hapo hakuna sababu ya kocha yeyote kuiita mafanikio.

Estrojeni ndiyo inayoufunga muundi na hedhi pamoja. Mfupa haukai kama jiwe. Unamegwa na kujengwa upya kila siku, na estrojeni huzuia umegaji usiuzidi ujenzi. Msichana anapofika miaka 18 hivi, karibu asilimia 90 ya mifupa atakayokuwa nayo maishani imeshawekwa. Binti yako yuko katikati kabisa ya msimu huo wa ujenzi. Wakati huohuo, kila hatua ya mbio huacha vijeraha vidogo sana kwenye mfupa, ambavyo mtu aliyeshiba na aliyelala vizuri huviziba bila hata kujua. Asiposhiba na estrojeni ikipungua, vijeraha huongezeka kuliko vinavyozibwa, mpaka vinakuwa ufa.

Unaweza kumwangalia wewe mwenyewe kabla ya kwenda hospitali. Mwambie akae, akuonyeshe panapouma. Akipitisha kiganja chote juu na chini ya muundi, huenda ni maumivu ya utando unaoufunika mfupa, ambayo si mepesi lakini hupoa mapema. Akigusa mahali pamoja kwa ncha ya kidole na kushtuka, na ikiwa panauma hata akitembea au akilala, tarajia ufa. Ujue pia kwamba picha ya eksirei ya siku za mwanzo inaweza kuonekana safi ilhali ufa upo. Kwa hiyo ukiambiwa "mfupa hauna kitu", uliza kama inafaa apumzike na kupigwa picha tena baada ya wiki mbili au tatu, au afanyiwe MRI, picha ya ndani iliyo kamili zaidi, palipo na uwezo.

Kuhusu "kuongeza mwili", hapa ningependa baba yake naye asome. Msichana anapokua, nyonga hupanuka, uzito huongezeka na mafuta kidogo huja kwa mpangilio wa maumbile. Moyo na misuli hukua pia, lakini vyote havifiki siku moja. Ndiyo maana wasichana wengi waliokuwa moto wakiwa na miaka 13 au 14 husimama mahali pamoja, au hurudi nyuma sekunde kadhaa, kati ya miaka 15 na 18. Wengi wakiachwa wakue na wakala vizuri, kasi hurudi ikiwa na nguvu mpya. Anayenyimwa chakula ili abaki na mwili wa mtoto huenda akashinda mbio mbili tatu za msimu huu, kisha anaanza kuvunjika.

Na hizo sekunde saba zinazowasumbua, je, mbio zote zilikimbiwa kwenye uwanja wa aina moja? Uwanja wa udongo na ule wa mpira wa tatani si kitu kimoja, mahali pa juu huzuia pumzi, na mbio za mita 1500 huamuliwa pia na wale anaokimbia nao. Faith Kipyegon alishinda dhahabu ya Olimpiki ya Rio 2016 kwa 4:08.92, ilhali miezi michache kabla, kule Eugene, alikuwa amekimbia 3:56.41. Rio walianza kwa kuviziana, mzunguko wa kwanza ukapita sekunde 70, ndipo Genzebe Dibaba wa Ethiopia akachomoka kwa mbali na Faith akamfuata mpaka akampita. Dhahabu ile ilikuwa nyuma ya muda wake bora kwa sekunde 12, na hakuna aliyesema ameongeza mwili. Hata hivyo, "anamaliza akiwa hoi" silipuuzi. Hiyo inanifanya nifikirie damu, na nitairudia.

Nimemtaja Faith, basi tumzungumze kikamilifu, kwa sababu huyo bwana aliyekuja kwenu amewasimulia ukurasa wa kwanza tu.

Ni kweli aling'aa mapema. Mwaka 2010, akiwa na miaka 16, alimaliza wa nne kwenye mbio za nyika za dunia za vijana kule Bydgoszcz, Poland, akikimbia pekupeku. Mwaka uliofuata alishinda mbio hizo Punta Umbría, Hispania, pekupeku tena, na kabla mwaka haujaisha akawa bingwa wa dunia wa mita 1500 kwa walio chini ya miaka 18 mjini Lille. Mwaka 2012 akatwaa ubingwa wa dunia wa vijana Barcelona.

Wiki chache baada ya Barcelona alikwenda Olimpiki ya London, na hakupita raundi ya kwanza. Alikuwa na miaka 18. Mwaka 2013, kwenye mashindano ya dunia Moscow, alikuwa wa tano. Mwaka 2015 Beijing akapata medali ya fedha nyuma ya Dibaba. Dhahabu ya Rio ilimkuta akiwa na miaka 22. Rekodi ya dunia ya mita 1500 aliivunja Juni 2023 mjini Florence, 3:49.11, akiwa na miaka 29. Wiki moja baadaye akavunja ya mita 5000 Paris, 14:05.20, na Julai ya maili Monaco, 4:07.64. Mwaka 2024 akawa mwanamke wa kwanza kushinda mita 1500 kwenye Olimpiki tatu mfululizo. Julai 2025 Eugene akakimbia 3:48.68, akiwa na miaka 31 na ni mama. Tangu aliposhinda pekupeku Hispania hadi usiku ule wa Florence ni miaka 12. Anayekwambia binti wa miaka 16 "akichelewa basi" hajaisoma safari hiyo.

Na katikati ya safari hiyo alisimama kabisa. Juni 2018 alijifungua binti yake, Alyn. Alikosa msimu mzima. Aliporudi 2019 alipata medali ya fedha kwenye mashindano ya dunia Doha kwa 3:54.22, muda ambao hakuwahi kuupata kabla ya kujifungua, nyuma ya Sifan Hassan wa Uholanzi. Baadaye, chini ya kocha Patrick Sang kule Kaptagat, ndipo yakaja makubwa zaidi. Sisemi mapumziko humfanya kila mtu bingwa. Ninasema mwili wa mwanamke uliosimama kwa sababu ya msingi, ukarudishwa polepole na watu wanaouheshimu, haupotezi kipaji chake. Miezi michache ya binti yako kupona si kitu mbele ya hilo.

Tukirudi kwenye fainali ya Moscow 2013, alikuwemo msichana mdogo kuliko Faith: Mary Cain wa Marekani, miaka 17, aliyemaliza wa 10. Wengi walitabiri angetawala mita 1500 kwa miaka kumi. Mwaka 2019 alijitokeza hadharani akaeleza kwamba alishinikizwa kupunguza uzito, akakosa hedhi kwa miaka mitatu na kuvunjika mifupa mara tano. Hakurudi tena kwenye fainali kama ile. Ninapokusoma ukisema "aache chakula cha usiku", huyo ndiye ninayemfikiria.

Kung'aa mapema pia hakuna ratiba moja. Pamela Jelimo alikuwa na miaka 18 aliposhinda mita 800 Beijing 2008, dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa mwanamke Mkenya, na siku chache baadaye akakimbia 1:54.01 Zürich. Mwaka uliofuata, kwenye mashindano ya dunia Berlin, hakufika fainali. Kwa upande mwingine, Maria Mutola wa Msumbiji alikwenda Olimpiki ya kwanza Seoul 1988 akiwa na miaka 15, akangoja mpaka Sydney 2000 kupata dhahabu yake ya mita 800, na mwaka 2008 alikuwa bado anashindana.

Sasa kambi. Iten ni mahali pazuri pa kukimbia, sipingi. Pako mita 2400 hivi juu ya usawa wa bahari, kuna barabara za udongo laini, na msichana anapata wenzake wa kumvuta. Anayebaki shuleni hukosa baadhi ya hayo, na huenda akaendelea na kocha asiye na ujuzi wa kutosha. Hiyo ni hasara ya kweli. Lakini angalia anakwenda akiwa na hali gani. Mahali pa juu hufanya mwili utengeneze damu zaidi, na damu hiyo inadai chakula na madini ya chuma ambayo yeye tayari hana. Kambini watu hukimbia mara mbili, wengine mara tatu kwa siku. Ukimpeleka leo, unampeleka mgonjwa kwenye kazi nzito kuliko ile iliyomwangusha. Kwa mwaka huu jibu langu ni hapana, bila kusita.

Mwaka ujao, akiwa mzima na akitaka mwenyewe, anaweza kujaribu kambi wakati wa likizo huku shule ikiendelea. Kabla ya hapo muulize huyo bwana maswali bila aibu. Binti yangu atalala wapi na na nani? Mwanamke mtu mzima anayewasimamia ni nani, na naweza kuongea naye leo? Nani atashika pesa za zawadi? Karatasi ya mkataba iko wapi, na kwa nini mtoto aisaini wakati yuko chini ya miaka 18? Akikasirika kwa kuulizwa, umeshapata jibu lako. Naandika hivi kwa uchungu. Agnes Tirop, bingwa wa dunia wa mbio za nyika wa 2015, aliuawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021, akiwa na miaka 25, mwezi mmoja baada ya kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 ya mbio za wanawake pekee. Wenzake walianzisha Tirop's Angels kuwasaidia wasichana wanaonyanyaswa, wakiwemo wale wanaoingizwa kwenye mikono ya wanaume wanaojiita makocha wakiwa bado watoto.

Na shule si adui wa mbio. Sally Kipyego alipata nafasi ya masomo Marekani kwa miguu yake, akasomea uuguzi Chuo Kikuu cha Texas Tech, na ndiye yuleyule aliyepata medali ya fedha ya mita 10,000 kwenye mashindano ya dunia Daegu 2011 na Olimpiki ya London 2012. Mlango huo unafunguliwa na muda wa mbio pamoja na cheti cha sekondari. Wasichana wengi wenye kipaji hawatafika Olimpiki, na hata wanaofika wanaweza kuumia. Mwache awe na cheti mkononi.

Hospitalini, daktari ataanza na kipimo cha mimba. Usikasirike wala usimkatie binti maneno. Hedhi iliyokata hupimwa hivyo kwa kila mwanamke, na akihitaji kuzungumza na daktari peke yake mpe nafasi. Omba kipimo kamili cha damu pamoja na ferritini, inayoonyesha akiba ya chuma. Mkimbiaji anaweza kuwa na damu inayosomeka sawa huku akiba imekwisha, na huyo ndiye anayemaliza hoi. Daktari huenda akaangalia pia tezi ya shingo, homoni nyingine na vitamini D. Ukiwa karibu na Eldoret, Hospitali ya Rufaa ya Moi ina madaktari wa wanawake na wa mifupa. Kwingine anza na hospitali ya kaunti.

Usikubali apewe vidonge vya kupanga uzazi ili tu "hedhi irudi". Vitaleta damu kila mwezi na kuficha tatizo, wakati mifupa inaendelea kukosa inachokihitaji. Usikubali pia dripu au sindano ya nguvu ya dukani. Mbali na hatari ya afya, kanuni za michezo zinakataza dripu ya zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12 nje ya matibabu halali ya hospitali, na mwanariadha ndiye anayejibu kwa kila kinachoingia mwilini mwake.

Dawa kubwa iko jikoni kwako. Chakula cha usiku kirudi leo. Ongeza pia kitu kimoja kila siku, kama kikombe kikubwa cha uji wa maziwa na chapati, na akianza tena mazoezi ale ndani ya saa moja baada ya kumaliza: viazi na mayai, githeri, au ugali na maharagwe. Ndengu, omena, nyama na maini kwa kadiri ya uwezo, mboga zikamuliwe ndimu. Chai isinywewe pamoja na mlo, kwa sababu inazuia chuma kufyonzwa. Ainywe saa moja baadaye. Mursik (maziwa ya mgando ya kibuyuni) na maziwa viendelee. Nguvu za kila siku zinaweza kurudi ndani ya wiki chache. Hedhi huchukua miezi. Mifupa huchukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo msikimbilie mashindano kwa sababu tu amechangamka.

Kocha usimwendee kwa ugomvi. Nenda na karatasi ya daktari, mwambie mbele ya mwalimu wa michezo kwamba binti hatakimbia mpaka daktari aruhusu, kwamba uzito wake hautajadiliwa tena uwanjani, na kwamba chakula chake ni kazi yako. Kocha mzuri atakushukuru, na nimeona wengi wakibadilika wakielezwa vizuri. Akicheka, au akiendelea kumpima mtoto mbele ya wenzake, mtoe kwake, hata kama ndiye pekee kijijini. Afadhali akimbie peke yake mara tatu kwa wiki.

Usingoje miadi yoyote ukiona anachechemea, mguu unamuuma usiku, amezimia au kifua kinambana akikimbia. Vilevile ukigundua anatapika kwa makusudi, anaficha chakula, au anasema maneno ya kukata tamaa na maisha. Hapo mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na usimwache peke yake njiani.